Chumba cha Taa

Miaka kumi na tisa nilikaa nyuma ya dirisha dogo
pale Lupeni, nikigawa taa.
Mchimbaji ananipa kibati chake cha shaba chenye namba,
nami nampa betri, waya, na mwanga wa kufunga kofiani.
Jioni tunarudishiana.
Kazi yangu, ukiivua cheo, ilikuwa kuhesabu:
taa ikirudi, mtu amerudi.

Sikuwajua kwa nyuso. Nyuso zote zilirudi nyeusi.
Niliwajua kwa mikono.
Mia mbili kumi na nne hana kidole cha shahada:
huyo Dorel.
Themanini na sita hugonga kioo mara mbili, kama mdai:
huyo Gavril.

Mgodi ulipofungwa hakuna aliyelia hadharani.
Shimo lilizibwa kinywa kwa zege,
bendi ikapuliza tarumbeta kwenye manyunyu,
mheshimiwa mmoja akasoma karatasi
iliyojaa "mpito" na "fursa".
Gavril akaninong'oneza:
"Hiyo fursa inaliwa na mkate, au inanywewa?"

Kisha wakaja watu na mnara.
Wakausimika uani, palepale tulipokuwa tukianika buti:
wiki kumi za mafunzo,
halafu kazi kwenye mitambo ya upepo, Dobrogea,
karibu na Bahari Nyeusi,
usiku mzima kwa basi kutoka hapa.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.
Kwetu ngoma ilichezwa kinyume:
kushuka alishuka kila mtu,
shughuli ilikuwa kupanda.

Dorel alifika ngazi ya saba, akakumbatia chuma.
"Kule chini," aliniambia baadaye, jasho likimtoka kwenye baridi,
"kinachoanguka ni dunia, wewe umesimama.
Hapa dunia imesimama, kinachoanguka ni wewe."
Sasa analinda maegesho ya duka kubwa.
Nikimuuliza habari, hujibu "nzuri"
huku akitazama magari.

Gavril alifika juu siku ya nne,
na miaka yake arobaini na minane, na kifua chake kinachokoroma.
Ila aliyemtangulia ni bintiye, Ilinca,
aliyerudi kutoka Bologna alikokuwa akiwaogesha wazee wa watu.
Yule hupanda kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mwezi wa kwanza Gavril alinitumia ujumbe kutoka Dobrogea,
kutoka juu kabisa, mgongoni mwa mtambo:
*Naona mbali mpaka naona haya.
Miaka ishirini na sita nimeona mita mbili.*
Mshahara, akaongeza, si ule wa zamani.
Na upepo una kelele kuliko wakwe.

Mchumia juani hulia kivulini.
Sisi tuliochumia gizani, tunalia wapi?
Neno hilo lisome utakavyo.
Mimi nimelisoma kwa namna zote mbili.

Mimi? Nipo dirishani palepale.
Rafu zilezile, kulabu zilezile,
ila sasa natoa mikanda ya usalama, kamba, na pete za chuma.
Asubuhi natazama kila mshono kwa kidole,
kama mtu anayechambua mchele wa mgeni.
Kibati cha mia mbili kumi na nne bado kimening'inia.
Hakuna aliyekuja kukiuliza,
nami sijapata moyo wa kukitoa.

Jana giza liliingia, mkanda wa kumi na saba haujarudi.
Wanagenzi wote wameondoka.
Nikasikia ule mkono wa zamani ukinishika tumboni,
ule wa usiku wa king'ora.
Nikatoka uani bila koti.
Ilinca, mwalimu sasa, alikuwa kileleni,
miguu inaning'inia, anakula tufaha,
anatazama theluji ikipoteza rangi mlimani.

Sikumwita. Nilirudi ndani, nikakaa.
Baada ya muda, kioo kikagongwa mara mbili,
kama mdai.
Nikaandika daftarini: kumi na saba,
umerudi.